Hodi ya Nne

Hakuna aliyewahi kuuona Mwili. Waliozaliwa ndani yake walizaliwa ndani, waliokufa walifia ndani, na hata watu wa Ukutani, waliokaa mpakani kabisa, waliipa nje mgongo, kwa kuwa sheria iliwataka watazame chini walikotoka. Kwa hiyo nchi ile ilijulikana kwa kukaririwa tu. Mtoto alifundishwa maneno haya kabla ya kufundishwa jina lake: seli ni mtu, tishu ni ukoo, ogani ni mji, mfumo ni dola, Mwili ni Mwili. Hapo sauti zilishuka, makofi yakapigwa, somo likaisha.

Ngwali alikuwa ameyasema maneno hayo maisha yake yote, na maisha yake yalikuwa marefu, au mafupi. Kule mtu hawezi kuapa. Nchi haikuwa na jua. Muda ulipimwa kwa mapigo yaliyotoka mji wa Moyo, na pigo halina jina kama siku inavyokuwa na jina, hivyo jana iliweza kurudi ikaketi mbele ya kesho na asipatikane wa kuishangaa. Lakini alipoanza kukauka, Ngwali aligundua jambo. Kila ngazi ya somo lile ilisimama juu ya kitu kingine. Watu wa umbo moja na kazi moja wakikaa pamoja, huo ni ukoo. Koo zikikutana na kujenga, huo ni mji: Tumbo, Ini, Jicho. Miji ikishikana katika kazi, hiyo ni dola: dola ya chakula, dola ya pumzi, dola ya damu. Vizuri. Ngazi ya mwisho tu ndiyo iliyojiegemea yenyewe, kama mlevi aliyejishika shati ili asianguke. Mwili ni Mwili. Haya, lakini wa nani?

Swali lile lilimkaa kama mfupa wa samaki. Akimeza, halishuki. Akikohoa, halitoki.

Koo zilikuwa nne, na hakuna mji uliojengwa bila zote nne kutia mkono. Ukoo wa Misuli ulivuta. Haukujua neno jingine. Ukoo wa Neva ulipeleka habari. Waunganishi walisuka kamba, wakaziba nyufa, wakashika mifupa isitawanyike, na kwa sababu walikuwa kila mahali hakuna aliyewaona. Ngwali alikuwa wa ukoo wa nne, Wafunikaji, waliojipanga bega kwa bega popote palipohitaji mpaka: ndani ya mabomba, juu ya vizingiti, na hapa Ukutani, mpaka uliozidi mipaka yote. Sheria ya kwanza ya Ukuta ilikuwa usiuachie mkono wa jirani. Sheria ya pili ilikuwa usiisahau ya kwanza.

Na Ukutani mtu hakuzeeka, alipandishwa cheo. Ulizaliwa chini kabisa, ukaitwa Mwana wa Msingi. Waliozaliwa nyuma yako wakakusukuma kwa heshima zote, ukapanda safu, ukaota miiba ya kushikia wenzako, ukaitwa Mwenye Miiba. Ukasukumwa tena, ukaitwa Mwenye Chembe. Kila safu ilikuwa na ngoma yake na vigelegele vyake, na aliyekusukuma alikuamkia. Juu kabisa walilala Wazee wa Pembe, bapa, wagumu, wenye fahari, kimya. Kila aliyepanda alipata kizunguzungu, midomo ikamkauka, mikono ikamtetemeka. Watu walikiita kizunguzungu cha heshima. Ambaye hakukipata alipewa pole.

Ngwali alikuwa nacho kingi. Alikuwa mtu wa kujivunia, hilo hakulificha. Hakuna ngoma aliyoikosa wala cheo alichokirithi kwa ndugu. Kila safu aliipanda kwa mgongo wake. Sasa ilibaki moja.

"Mheshimiwa, leo unang'aa," alisema Bi Mize, aliyemshika mkono wa kushoto tangu safu ya miiba. Walikuwa watani, na utani wao ulikuwa umekomaa kiasi cha kutokuwa na adabu. "Umejipaka nini?"

"Heshima haipakwi, Bi Mize. Inajitokeza."

"Haya. Mimi mwenzio imejitokeza mdomoni. Nikicheka unapasuka."

"Basi usicheke."

"Na wewe umesimama mbele yangu? Nitaweza wapi?"

Akacheka, mdomo ukapasuka, akaulamba. Ngwali alitaka kumjibu, lakini safu nzima ilinyamaza ghafla. Faki alikuwa amefika.

Faki alikuwa wa ukoo wa Neva, mwembamba, mrefu kupita kiasi. Mkono wake mmoja ulikuwa hapa Ukutani, na mwingine ulikwenda, ukaenda, ukapotelea huko kwenye mji wa Ubongo. Hakuwahi kusema neno lake mwenyewe. Kila usemi wake ulianza kwa "Amri inasema," hata alipoomba kupishwa njia.

"Amri inasema, Ngwali wa safu ya Chembe, umefikia kuitwa Mzee wa Pembe. Kabidhi kiini."

Kila mtu alikuwa na kiini kifuani, kigumu, cha mviringo, kama kokwa ndani ya tunda. Ilisemwa kwamba ndani ya kiini kimoja umekunjwa Mwili mzima: namna ya kujenga Ini, namna ya kujenga Jicho, namna ya kupiga pigo. Kila mtu alikuwa amebeba kila kitu, na kila mtu aliruhusiwa kujua kazi yake tu. Kwenye mlango wa safu ya mwisho ulikitoa, Faki akakiponda, nawe ukawa bapa na mwenye fahari. Kisha, pigo lolote lisilotangazwa, ukapukutika. Kulikopukutikiwa hakukuwa na jina.

"Nitakabidhi," Ngwali alisema. "Ila nina swali."

"Amri inasema, uliza, mzee, kwa kifupi. Wapo wengine nyuma yako."

"Nimeulinda Mwili huu tangu nikiwa Mwana wa Msingi. Baridi nimeizuia mimi, vumbi nimelizuia mimi. Mlinzi huajiriwa na mtu, akamjua, akamwamkia. Mimi mwenye nyumba simjui. Mwili ni wa nani?"

Faki aliganda kidogo. Mkono wake mrefu ulitikisika, swali likaenda. Watu wakasubiri. Kisha ukatikisika tena, jibu likarudi.

"Amri inasema, Mwili ni Mwili."

"Hilo nalijua tangu sijaota miiba!"

"Amri inasema, ndilo jibu, mzee."

"Basi na mimi hili ndilo jibu langu." Ngwali akakifunika kifua chake kwa mkono wa kulia, akauacha wa kushoto katika mkono wa Bi Mize. "Kiini sitoi."

Safu ilitikisika kama kitambaa kilichovutwa uzi. Wengine walimsihi asiwatie aibu. Wengine walizomea. Na sauti moja ikatoka nyuma ikisema lile neno ambalo Ukutani halisemwi mbele ya watoto.

"Anataka kuwa Uvimbe huyo!"

Ilisimuliwa kwamba palikuwa na mtu zamani, au atakuwapo baadaye, aliyekataa kusukumwa. Akakaa alipokaa. Akajigawa akawa wawili, wawili wakawa wanne, wote wakasema kama yeye: mimi kwanza. Wakaita barabara ya damu ije mlangoni kwao, nayo ikaja. Wakala. Wakawa mji usio na kazi, usio na umbo, unaokua tu. Mji huo uliitwa Uvimbe, na miji mingine iliyopakana nao ilikufa kwa njaa huku Uvimbe ukiuliza kwa nini kuna kelele.

"Mwacheni," Bi Mize alisema. "Mtu akiulizia mwenye nyumba anayoilinda, kosa liko wapi? Nyie mnaozomea mnamjua? Mtajeni basi."

Faki alifungua kinywa atoe amri nyingine.

Ndipo nchi ilipopasuka.

Baridi iliingia kama mgeni asiyebisha hodi. Kitu chenye makali, kirefu kuliko fikira, kilipita kutoka juu hadi chini na kuondoka, na Ukuta ambao haukuwahi kuwa na mlango ukawa na mlango. Watu walioshikana mikono vizazi na vizazi walijikuta wameshika hewa. Kupitia ufa ule walianza kuingia wageni wadogo wasio na ukoo, wengi, wenye njaa, wakicheka kwa lugha yao. Mkono mrefu wa Faki ulikuwa umekatika. Alisimama na kipande kilichobaki, akirudia, "Subirini amri. Subirini amri." Ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa peke yake, naye alionekana kama mtu aliyesikia sauti yake mwenyewe na kushindwa kuitambua.

Mkono wa Bi Mize ulimponyoka Ngwali, akaanguka. Safu ya chembe ikampita, safu ya miiba ikampita, vyeo vyake vyote vikapanda juu huku yeye akishuka, mpaka akatua chini kabisa, kwenye Msingi, palipo laini na palipo na joto. Kabla hajaangalia alipo, alisikia harufu.

Ilikuwa harufu ya chakula. Mbele yake, hatua chache tu, barabara ya damu ilikuwa imepasuka na ilikuwa ikimwagika, nyekundu, tamu, yenye chumvi. Hakuwa ameionja kwa muda ambao hata pigo halikuweza kuuhesabu. Akainama, akanywa. Mikono ikaacha kutetemeka. Midomo ikalainika. Kizunguzungu kikaondoka kama kilivyokuja, bila kuaga.

"Shikamoo, Mheshimiwa," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Aliyesimama pale alikuwa na uso wake. Ulikuwa uso wenyewe hasa, ukiwa bado haujakauka. Ngwali akakumbuka kitu ambacho hakuna cheo kilichomwachia nafasi ya kukikumbuka: kwamba alipozaliwa hakuzaliwa peke yake. Mmoja aligawanyika wakawa wawili. Mmoja alibaki Msingi, mmoja akasukumwa.

"Usiniamkie," alisema. "Tumezaliwa pamoja. Wewe ni mimi niliyebaki."

"Au wewe ni mimi niliyeondoka," alisema pacha. "Mbona umezeeka hivyo? Sisi ni rika."

Ngwali aliuliza jingine, taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Huku mnakula?"

"Kila pigo. Barabara ya damu si ndiyo hii? Huja mpaka hapa, ikaishia hapa."

"Inaishia hapa."

"Haipandi huko kwenu. Kwani nyie huko juu hamli? Sisi tulidhani wakubwa mna chenu, kitamu zaidi. Ndiyo maana tunawasukuma kwa adabu."

Basi ilikuwa hivyo. Ngwali aliketi. Waliambiwa wamezeeka, kumbe wana njaa. Walipigiwa ngoma kila walipotengwa na chungu. Kila kigelegele kilikuwa hatua moja mbali na chakula. Mdomo wa Bi Mize haukupasuka kwa heshima! Na Wazee wa Pembe, wale walionyamaza kwa fahari, hawakunyamaza kwa fahari. Maiti hana maneno. Nani alitunga hili? Ubongo? Lakini Ubongo nao haumjui mwenye nyumba, umejibu kwa somo la watoto. Labda halikutungwa na mtu. Labda ndivyo ukuta unavyojengwa: kwa watu waliokauka. Vizuri, na iwe hivyo. Lakini mbona hatukuambiwa? Tungeambiwa, tungepanda vilevile, wengi wetu, kwa sababu pana watoto nyuma na baridi mbele. Tungepanda tukijua. Mtu akinyimwa chakula ameonewa mara moja. Akinyimwa chakula na akafundishwa kushangilia, huyo ameonewa mpaka ndani ya kicheko chake.

Pacha alimkaribia, akashusha sauti. "Kiini unacho bado?"

"Ninacho."

"Basi kaa. Neva imekatika, hakuna wa kuona. Tukatae wote wawili kusukuma na kusukumwa. Tujigawe. Barabara tuivute ije kwetu. Umekula kidogo sana wewe, ndugu yangu. Unadai."

Ngwali alitazama ile damu. Hakuna aliyewahi kumwita ndugu tangu apate cheo chake cha kwanza. Tumbo lilisema kaa, na tumbo halikuwa likisema uongo, lilidai kweli. Huko juu, ng'ambo ya ufa, Bi Mize alikuwa akiita jina lake, bila Mheshimiwa, jina tupu, na wageni wadogo walikuwa wakicheka karibu zaidi.

"Hivyo ndivyo Uvimbe ulivyoanza," alisema. "Na huyo aliyeanza, nina hakika alidai kweli kama mimi. Sikukataa kutoa kiini ili nile peke yangu. Nyanyuka."

"Twende wapi? Amri haijafika."

"Ndiyo uzuri wake."

Akasimama kwenye mdomo wa jeraha, akapaza sauti ambayo vyeo vyote vya ukubwa havikuwahi kumpa.

"Watu wa Ukuta! Achieni mikono!"

Walidhani hawakusikia vizuri.

"Achieni mikono ya jirani, nimesema! Ukuta uliosimama haufiki ng'ambo. Tambaeni! Bi Mize, huo mkono ulionishika tangu safu ya miiba, leo ufungue, shuka upande wako, mimi nitambae huku!"

"Ukipotea nitamtania nani?"

"Tania wageni hao. Shuka!"

Bi Mize aliachia. Ni jambo dogo kulisema. Mkono wake ulikuwa bado umekunjika kwa umbo la mkono wa Ngwali, na ulipofunguka ulitoa mlio kama gome linalobanduliwa. Baada yake akaachia wa pili, na wa tatu, kisha ukingo mzima ukalegea. Watu waliofundishwa kusimama walilala kifudifudi wakajifunza kutambaa wakiwa wazee. Chini yao Waunganishi, ambao hakuna aliyewaita, walikuwa wameshaanza kutandika nyuzi kutoka ukingo hadi ukingo, wakiimba wimbo wa kusuka usio na maneno. Pacha alitambaa bega kwa bega na Ngwali, na kuna mahali, katikati ya ufa, ambapo Ngwali hakujua tena ni mkono wa nani unaotangulia. Wageni waliwauma. Hawakurudi nyuma. Wengine waliliwa pale pale, na waliobaki wakapita juu yao wakiwaomba radhi.

Kisha, gizani, kidole kikagusa kidole.

"Nani?" Ngwali aliuliza.

"Nani mwingine mwenye midomo mikavu hivi?" Bi Mize alisema kutoka ng'ambo.

Wakashikana. Na walipogusana tu, wote, ukingo kwa ukingo, walikoma. Hakuna aliyewaamuru wakome. Ngwali aliliona hilo akalihifadhi, maana alijua amepata jibu la swali ambalo hakuwa ameliuliza: mwasi na Uvimbe huanza njia moja, wote wawili huachia mkono. Lakini mwasi akiufikia mkono mwingine husema basi. Uvimbe hauna neno hilo.

Palibaki kovu, gumu, lisilo na safu zilizonyooka, ambapo Mwana wa Msingi na Mwenye Chembe walilala pamoja na haikujulikana nani amwamkie nani.

Mkono wa Faki ulianza kuota tena, ukafika, ukatikisika. Uso wake ukapata nuru.

"Amri imefika!" alitangaza. "Amri inasema: kuna maumivu."

"Tunashukuru kwa taarifa," alisema Bi Mize, na kovu zima likacheka.

Faki hakucheka. "Na amri inasema, Ngwali, kiini chako."

"Faki, mwanangu," Ngwali alisema, na hakuwa amewahi kumwita mwana. "Ulipokatika, ulisikia nini?"

Faki aliutazama mkono wake ulioota upya. "Nilisikia mimi," alisema. "Sikupenda."

"Utazoea. Sasa nisikilize, na nyie wa chini nisikilizeni. Huko juu hakuna chakula. Hicho mnachokiita heshima ni njaa. Sisemi msipande. Ukuta unahitaji watu, baridi mmeiona. Nasema anayesukuma asipige kigelegele, anayesukumwa aambiwe ukweli, na anayeweza kupitisha tonge kwa jirani wa juu alipitishe. Mimi napanda. Sisukumwi. Kiini napanda nacho."

Akapanda. Pacha alitaka kumshika, akaacha. Alikuwa amejifunza kuachia. Ngwali alipita kwenye kovu akafika juu, katikati ya Wazee wa Pembe, waliolala bapa. Aliwaamkia mmoja mmoja ingawa hawakujibu. Njaa ilikuwa imeanza kumrudia, na safari hii aliijua kwa jina. Akakitoa kiini kifuani, kile kilichokunjwa Mwili mzima ndani yake, akakishika kama jiwe, na kwa jiwe lile akagonga Ukuta.

"Hodi!"

Dum, ulijibu mji wa Moyo, kama kawaida yake.

"Hodi!"

Chini, watu walishika pumzi. Walikuwa wamekaa katika nyumba hii tangu mwanzo na hapakuwa na mmoja aliyewahi kumbishia hodi mwenye nyumba.

"Hodi!"

Kimya. Faki alipumua kwa nafuu. Kila mtu aliijua adabu: mstaarabu hubisha mara tatu, asipojibiwa huondoka, huenda wenyewe hawapo, huenda wamelala, huenda hawataki kuonana naye. Ngwali naye aliijua. Alikuwa ameishi kwa adabu hiyo safu kwa safu mpaka ikamkausha.

Akainua kiini, akagonga mara ya nne, kwa nguvu zote za ile damu aliyokunywa.

"HODI! TUPO HUKU!"

Kovu likawasha. Muwasho ulitoka chini ya Ngwali ukaenea, ukapita katika mkono wa Faki ukapanda hadi Ubongo, na mara hii haukuwa amri wala jibu. Mji wa Moyo uliruka pigo moja. Kisha nchi yote ikaegemea upande. Misuli ambayo haikuwahi kuulizwa kitu ilivuta kwa pamoja, mifupa ikalia, kitu kikubwa kama dola nzima kikajizungusha polepole.

"Nani ameamuru shingo igeuke?" Faki alipiga kelele. "Sijapeleka amri! Nani?"

"Sisi," alisema Bi Mize kutoka katika kovu, mdomo wake ukitoka damu kwa kicheko.

Pumzi ya moto, yenye harufu ya majani yaliyotafunwa, ilishuka juu ya Ukuta. Wazee wa Pembe walianza kupukutika kwa upepo wake. Ngwali aliisikia mgongoni. Alijua kitakachofuata pumzi kitakuwa ulimi, mpana, wenye kukwaruza, na kwamba hautachagua.

Akageuka, akaupa uso.